Pasua Mbao Zako kwa Mkono, Usipoteze Mti

Mgrivea ulioupanda mpakani mwa shamba huchukua yapata miaka 15 kabla haujatoa mbao nzuri. Je, mkulima, utakubali sehemu yake iwe unga wa mbao bure?

Watu wengi hupasua mbao zao kwa msumeno wa injini. Mnyororo wake hula karibu theluthi ya inchi kila unapopita. Ukitaka ubao wa upana wa inchi 8 utoe vipande 4, utaupasua mara 3, na karibu inchi nzima itapotea. Msumeno wa mkono hula kama robo inchi tu kwa kazi hiyo hiyo. Katika mbao 10 umeokoa upana wa inchi 7 na nusu, yaani karibu ubao mzima.

Kazi hii yataka benchi fupi, nalo waweza kulitengeneza mwenyewe. Tafuta ubao mnene wa urefu wa futi 3 au 4, uutie miguu 4 iliyotanuka kidogo. Kimo chake kisipite goti lako. Tengeneza mabenchi mawili yaliyo sawa ili yachukue mbao ndefu.

Sasa fanya hivi:

1. Tumia msumeno wa kupasulia, wenye meno makubwa, yapata 5 katika inchi moja. Ule wa kukatia una meno madogo mengi, nao utakuchosha bure.

2. Piga mstari kwa uzi uliopakwa chaki au makaa.

3. Laza ubao juu ya benchi, mwisho wake utokeze nje. Ukandamize kwa goti.

4. Anza kwa kuvuta msumeno nyuma mara mbili tatu, taratibu. Kisha usukume kwa urefu wake wote, ukiuinamisha kidogo tu. Usiugandamize, meno yenyewe yatakula.

5. Pita kando ya mstari, upande wa kipande usichokihitaji, ili randa ipate nafasi.

6. Mbao zikibana msumeno, tia kabari ndogo katika mwanya, na upake msumeno nta ya mshumaa.

7. Ukikaribia benchi, sukuma ubao mbele. Mwishoni ugeuze, uanze upande wa pili.

Msumeno ukienda upande, usiulazimishe. Mara nyingi meno ni butu, au hayakupindwa sawasawa kulia na kushoto. Yanoe kwa tupa ya pembe tatu.

Unga wa mgrivea huwasha ngozi za watu wengine. Funga kitambaa puani na kunawa baada ya kazi. Tena, kabla ya kuangusha mti, muulize afisa wa misitu wa kwenu juu ya kibali.

Kazi ya mkono ni ya polepole, lakini mbao zinazobaki ni zako, nazo zatosha kujenga kizimba cha kuku.