Mzigo wa Askari na Mzigo wa Mpagazi

Askari wa Rumi ya kale alisafiri kwa miguu akiwa amebeba silaha, chakula na vyombo vya kazi, mzigo uliokaribia kilo 30. Askari hao waliitwa baghala wa Marius, kwa jina la jemadari wao. Uzito kama huo ndio aliouzoea mpagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19, akichukua pembe za ndovu begani kutoka Ujiji kuelekea pwani, kupitia nchi ambayo leo ni wilaya ya Kaliua. Ujira wake ulikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani. Kitambaa kilikuwa ndiyo fedha.

Mtemi Mirambo wa Urambo aliifahamu njia hiyo barabara. Mnamo Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiwa na watu wa Stanley, waliishambulia Ulyankulu na kuiteka. Mirambo alikwisha kuondoka. Washindi walipokuwa wakirudi, wamelemewa na pembe na vitambaa vya nyara, rugaruga wake walikuwa wakiwavizia majanini kandokando ya njia. Wengi waliuawa, pamoja na kiongozi wao, Soud bin Sayd. Yamkini wangalikuja mikono mitupu wangaliokoka.

Mwezi huo huo Mirambo aliivamia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Misafara ya kwenda Ujiji ikakwama, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone.