Wababa wa Karagwe na hofu ya kidole

Ukitaka kijiwe cha Kayanga kipoe ghafla, achana na Simba na Yanga. Taja tezi dume. Wazee watainamia vikombe vyao, vijana watacheka chini chini, na lazima mmoja aropoke habari ya kidole cha daktari. Mjadala umekwisha.

Jamani, kicheko hicho kinatugharimu. Baba yangu mdogo analima kahawa Kyerwa, huko kulikomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Karibu miaka miwili alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Huyu akamwambia ni uzee, yule akasema ni ngiri, akamuuzia mizizi. Mgongo ulipoanza kumliza ndipo wanawe walipomkokota hospitali. Kipimo cha damu kikasoma juu, kinyama kikachukuliwa, jibu likarudi: saratani, na imeshafika kwenye mifupa.

Msomaji wangu, wewe wa Sinza au Kariakoo, unajua baba yako kapima lini? Nchini kwetu hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume, na ikiwa changa haiumi wala haizuii mkojo. Madaktari wengi hushauri kuanza mazungumzo ya kupima kwenye miaka 50, mapema zaidi kama baba au kaka aliugua. Kipimo cha damu kinaitwa PSA. Kikipanda usikimbilie kuandika wosia, maana hata maambukizi au tezi iliyovimba tu kwa umri hukipandisha. Kinachokata shauri ni kinyama. Na nyingine hutambaa polepole mno, daktari akaamua kuiangalia tu bila kuigusa.

Kidole chenyewe? Glavu, mafuta, sekunde chache, unavaa suruali unaondoka.

Mzee Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akapigwa mionzi, akafariki 2013 akiwa na miaka 95. Lakini ikishafika mifupani, kazi ni kuituliza. Saratani hii hula homoni ya kiume. Charles Huggins wa Chicago alilionyesha hilo mwaka 1941, akapata Nobel 1966. Kwa hiyo unakata chakula chake: ama korodani zitolewe mara moja, njia isiyo na gharama za kila mara, ama uchomwe sindano kila mwezi au kila miezi mitatu.

"Nitazikwa nazo," alisema mzee. Tukachagua sindano.

Sindano nazo zina mambo yake. Joto humpanda ghafla katikati ya baridi ya asubuhi, mpaka anavua koti shambani. Nguvu zimepungua, na hamu ya chumbani imeaga. Hilo la mwisho ndilo lililomnyamazisha miezi, mpaka mama mdogo akamtolea uvivu: "Mimi nataka mtu wa kuongea naye. Hayo mengine tulishafaidi."

Kwa mwenye mzee huko nyumbani, pa kuanzia kuulizia ni Nyakahanga kwa Karagwe, au Isingiro kwa Kyerwa. Huko ndiko anakopewa rufaa. Sisi tuliishia Bugando, Mwanza. Safari ni ndefu, ila tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko.

Sindano ijayo ni mwezi ujao. Nauli ni zamu yangu.