Cat on a Hot Tin Roof: Kwa nini stori moja ina miisho mitatu?

Mzee anatimiza miaka 65. Keki ipo, wajukuu wanaimba, na watoto wake wawili wa kiume wako nyumbani na wake zao. Karibu kila mtu ndani ya nyumba anajua kuwa mzee ana kansa na hatapona. Wasiojua ni wawili tu: mzee mwenyewe na mke wake. Wao wameambiwa ni utumbo tu unasumbua.

Hivyo ndivyo inavyoanza Cat on a Hot Tin Roof, yaani "Paka juu ya bati la moto", tamthilia ya Mmarekani Tennessee Williams iliyofunguliwa Broadway, New York, Machi 24, 1955. Tangu hapo imetengenezewa sinema moja kubwa na matoleo mawili ya televisheni yenye mastaa wa maana.

Lakini kuna jambo la ajabu. Aliyeiona kwenye sinema na aliyeisoma kitabuni wakikaa pamoja kuijadili, wanaweza kubishana hadi asubuhi. Mmoja atasema ni stori ya ndoa iliyopona. Mwingine atasema hakuna kilichopona pale. Na wote wako sahihi, kwa sababu hawakuona mwisho mmoja.

Stori yenyewe kwa kifupi

Tuko kwenye Delta ya jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mzee anaitwa Big Daddy. Alianza kama kibarua, akawa msimamizi, na leo anamiliki shamba la pamba la eka 28,000. Hajaandika wosia.

Mtoto wake mkubwa, Gooper, ni mwanasheria. Ana mke anayeitwa Mae, watoto watano na wa sita yuko njiani. Ameshaandaa na makaratasi ya kulichukua shamba mapema, wazazi wakiwa bado hai.

Mdogo ni Brick, ndiye kipenzi cha baba. Alikuwa staa wa futiboli ya Kimarekani, sasa ni mlevi. Usiku uliopita alikwenda kuruka viunzi kwenye uwanja wa shule akiwa amelewa, akavunjika kifundo cha mguu. Stori nzima anatembea na gongo, glasi mkononi. Anasema anakunywa mpaka kichwani kunalia "tik" kama swichi imezimwa, ndipo anapata amani.

Mke wa Brick ni Maggie, yule paka wa kwenye jina la tamthilia. Alizaliwa kwenye umaskini na hataki kurudi huko. Anampenda mumewe, lakini mumewe hamgusi. Kwa hiyo hana mtoto, na kwenye familia ile kukosa mtoto ni kesi. Mae anahakikisha hakuna anayeisahau.

Aliyewahi kugusa bati saa nane mchana ataelewa picha hiyo haraka. Paka akitua pale hawezi kutulia, na kushuka pia ni shida. Maggie ameamua hashuki.

Kwa nini Brick anakunywa?

Hapa ndipo penye moyo wa tamthilia, na ndipo sinema ilipokwama.

Brick alikuwa na rafiki, Skipper. Walisoma pamoja, wakacheza mpira pamoja. Maggie aliona kuwa Skipper anampenda Brick kwa namna iliyozidi urafiki, akamweleza hivyo usoni. Skipper alijaribu kumthibitishia Maggie kuwa si kweli kwa kulala naye. Ikashindikana. Baadaye alimpigia Brick simu akiwa amelewa, akakiri hisia zake. Brick akakata simu. Skipper akaendelea na pombe na dawa za kulevya mpaka akafa.

Brick humwambia kila mtu kuwa anakunywa kwa sababu amechoshwa na uongo wa watu. Baba yake anamsikiliza, kisha anambana: uongo unaokuchosha ni wako mwenyewe. Rafiki yako alikuhitaji, ukakata simu.

Brick anaumia, naye anarudisha pigo. Anamwambia baba yake ukweli ambao familia nzima imeuficha: mzee, unakufa.

Huo ndio mtego aliouweka Williams. Mzee alidanganywa kwa jina la huruma, halafu ukweli ukamfikia kwa hasira, siku ya bethidei yake, kutoka kwa mtoto anayempenda kuliko wote. Tamthilia haikuambii kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Kuna kingine ambacho wengi hawakijui. Shamba linalogombewa halikuwa la ukoo. Wenyewe wa kwanza walikuwa wanaume wawili, Jack Straw na Peter Ochello, walioishi pamoja hadi kifo. Chumba wanacholala Brick na Maggie kilikuwa chao. Big Daddy alifanya kazi chini yao na anawazungumzia kwa heshima. Yaani mali yote ile imetoka kwa watu wa aina ambayo Brick anaogopa hata kuitaja.

Mwisho wa kwanza: wa mwandishi

Baada ya mzee kujua hali yake, familia inakaa kikao kumweleza Big Mama. Gooper anatoa makaratasi yake. Maggie anaona shamba linaondoka, anasimama na kutangaza kuwa ana mimba ya Brick. Ni uongo.

Kwenye mwisho alioandika Williams kwanza, Big Daddy harudi tena jukwaani. Kilio chake cha maumivu kinasikika kutoka chumba kingine. Maggie anaificha pombe ya Brick na kumwambia wazi: tuufanye uongo huu uwe kweli, ndipo nitakurudishia chupa zako. Anamwambia pia kuwa anampenda. Brick anajibu kwa shaka, karibu kama baba yake alivyomjibu Big Mama alipoambiwa anapendwa.

Pazia linafungwa. Hujui kama Brick amekubali, ameshindwa, au amechoka tu kubishana.

Mwisho wa pili: wa Broadway

Mwongozaji wa onyesho la kwanza alikuwa Elia Kazan, jamaa aliyekuwa na jina kubwa wakati ule. Ndiye aliyeongoza tamthilia nyingine maarufu ya Williams, A Streetcar Named Desire, jukwaani mwaka 1947 na kwenye sinema mwaka 1951.

Kazan alisoma sehemu ya tatu akaona ina matatizo matatu. Kwanza, Big Daddy ana nguvu sana kama mhusika, hawezi kupotea moja kwa moja. Pili, Brick hawezi kutoka kwenye mazungumzo mazito vile na baba yake bila kubadilika hata kidogo. Tatu, Maggie apendwe zaidi na watazamaji.

Williams alitaka Kazan aiongoze kazi yake, akaandika upya. Mzee akarudishwa jukwaani, na Brick akaanza kumheshimu mkewe na kumkingia kifua mbele ya Gooper na Mae.

Ilifanya kazi. Tamthilia ilichezwa mara 694 na kumpa Williams tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo wa 1955. Lakini kilipotoka kitabu, mwandishi alichapisha sehemu zote mbili za tatu, ile yake na ile ya Broadway, pamoja na maelezo ya jinsi mabadiliko yalivyotokea. Msomaji aamue mwenyewe.

Kule London hali ilikuwa nyingine. Ofisi ya serikali iliyokuwa inakagua tamthilia iliikataa, kwa hiyo mwaka 1958 ilichezwa kwa ujanja: ukumbi uligeuzwa kuwa klabu ya wanachama, ili isihesabike kama onyesho la wazi. Maggie alichezwa na Mmarekani Kim Stanley. Weka jina hilo kichwani, litarudi.

Mwisho wa tatu: wa sinema

Mwaka 1958 studio ya MGM ilitoa sinema iliyoongozwa na Richard Brooks. Elizabeth Taylor ni Maggie, Paul Newman ni Brick, na Burl Ives, aliyekuwa Big Daddy wa Broadway, akabaki na nafasi yake.

Tatizo lilikuwa Kanuni za Hays. Hizi zilikuwa sheria ambazo studio za Hollywood zilijiwekea, zikaanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. Mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa kuonyeshwa wala kudokezwa.

Sasa unaitoaje siri ya Brick na Skipper na bado ubaki na stori? Brooks na mwandishi mwenzake James Poe waliamua kumgeuza Skipper kuwa mtu dhaifu aliyemtegemea Brick kupita kiasi. Maggie naye hakulala na Skipper. Alikwenda chumbani kwake akaghairi. Straw na Ochello wakafutwa kabisa.

Pengo lililobaki likajazwa na kitu kingine: baba na mtoto. Brick na Big Daddy wanashuka stoo ya chini iliyojaa vitu vya thamani visivyotumika, na Brick anavivunja huku akilia kuwa hakutaka mali, alitaka kupendwa na baba. Wanapatana. Mwishoni Brick anautetea uongo wa Maggie mbele ya wote, anamwita chumbani, mlango unafungwa. Mtazamaji anaondoka akiamini mtoto yuko njiani.

Watu walijaa kumbi za sinema. Muvi ilitajwa kuwania Oscar sita, ikiwemo ya Newman ambayo ilikuwa ya kwanza kwake kutajwa, lakini haikubeba hata moja. Burl Ives alishinda Oscar msimu huohuo, ila kwa sinema nyingine, The Big Country.

Taylor aliicheza katika kipindi kigumu mno. Mume wake, Mike Todd, alikufa kwenye ajali ya ndege Machi 22, 1958, kazi ikiwa inaendelea. Baada ya wiki chache alirudi mbele ya kamera. Wengi bado wanaona hii ni moja ya kazi zake bora.

Williams hakuipenda sinema hiyo na hakuficha. Ukiangalia kilichotolewa, unaelewa. Tamthilia inayowashtaki watu kwa kuficha ukweli ilifika kwenye skrini ikiwa imefichwa ukweli wake wenyewe. Brick wa sinema bado anasema amechoshwa na uongo, ila mtazamaji haambiwi vizuri ni uongo gani.

Televisheni ikafungua mlango

Mwaka 1968 ulibadilisha mengi. Marekani iliachana na Kanuni za Hays na kuanza mfumo wa kupanga sinema kwa umri wa watazamaji. Mwaka huohuo Uingereza ikafuta ukaguzi wa tamthilia.

Mwaka 1974 Williams aliirudia tamthilia yake kwa ajili ya onyesho jipya lililokuwa na Elizabeth Ashley kama Maggie. Big Daddy alibaki akirudi jukwaani kama Kazan alivyotaka, lakini shaka ya mwisho ikarudishwa.

Toleo la televisheni la 1976 lilimweka Laurence Olivier, mwigizaji mkubwa wa Uingereza, kuwa mzee wa Mississippi. Maggie na Brick walichezwa na Natalie Wood na Robert Wagner, ambao walikuwa mke na mume kweli.

Toleo la 1984 lina Jessica Lange, Tommy Lee Jones na Rip Torn, na lilirudisha mengi ambayo sinema iliyatoa. Big Mama wa humo ni Kim Stanley, yuleyule aliyekuwa Maggie wa London mwaka 1958. Safari hii alipata tuzo ya Emmy.

Jukwaani nako mambo hayakusimama. Mwaka 2008 Debbie Allen aliileta Broadway na waigizaji weusi watupu. Big Daddy alikuwa James Earl Jones, ile sauti ya Mufasa kwenye The Lion King. Kwenye maandishi ya 1955, watu weusi wa shamba lile ni watumishi wanaopita pembeni. Safari hii wao ndio waliokuwa wenye nyumba, na maneno ya baba na mtoto yalibaki yaleyale.

Uanze na ipi?

Kama unataka mastaa, picha nzuri na mwisho unaotuliza moyo, anza na sinema ya 1958. Newman na Taylor wanatosha kukukalisha saa mbili.

Kama unataka stori kama alivyoitaka mwandishi, tafuta toleo la 1984, au soma kitabu chenye sehemu zote mbili za tatu.

Ukiweza, pitia zote mbili na umwangalie Maggie anapotamka kuwa ana mimba. Uongo ni uleule, na kila toleo linaukubali kwa sababu tofauti. Kwenye sinema ni tendo la upendo, maana tumeshaona Brick amebadilika. Kwenye maandishi ya kwanza ni mwanamke aliye juu ya bati, mume hajamjibu, na mzee analia kwa maumivu chumba cha pili. Hakuna anayemwambia mtazamaji kama paka ameshuka salama.