Nani Amewasha Gari la Umma? Namna ya Kuchagua Mfumo wa Kudhibiti Magari Yanayotumiwa na Wengi

Mkazi wa Ngoingwa akiona lori la taka kwenye barabara ya Thika–Mang'u, namba inayoanza kwa 22CG humwambia kuwa ni mali ya Kaunti ya Kiambu, maana 22 ndiyo namba ya Kiambu miongoni mwa kaunti 47. Namba hiyo haimwambii ni nani aliye kwenye usukani, wala ni nani aliyemruhusu.

Magari ya umma hayana dereva mmoja. Ambulensi hubadilisha madereva kila zamu, na lori linalopeleka taka Kang'oki leo huenda likaendeshwa na mwingine kesho. Magari yakiwa machache, msimamizi huzikumbuka funguo zote. Yakifika mamia, kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Tiketi ya kazi inatosha?

Gari la serikali nchini Kenya husafiri na tiketi ya kazi, yaani fomu ya GP 55. Humo huandikwa jina la dereva, safari, kilomita, mafuta na sahihi ya aliyeidhinisha. Ni kumbukumbu muhimu na mkaguzi huitegemea. Hata hivyo, karatasi haizuii injini kuwaka, na inaweza kujazwa baada ya safari. Mfumo wa kudhibiti hujibu swali moja kabla ya gari kuwaka: je, mtu huyu ameruhusiwa kutumia gari hili saa hii?

Njia zilizopo

• Kabati la funguo la kielektroniki. Hukaa kwenye yadi, hutoa ufunguo kwa aliyeruhusiwa na kuweka rekodi ya saa. Gari lenyewe halibadilishwi. Udhaifu wake ni kwamba ufunguo ukishatoka unaweza kupewa mtu mwingine au kuchongeshwa nakala.

• Kadi ya dereva. Kisomaji hufungwa ndani ya gari, na starta haifanyi kazi bila kadi iliyosajiliwa. Kadi ikipotea hufutwa kwenye mfumo bila kubadilisha kufuli. Kadi za zamani zisizo na usimbaji ni rahisi kunakiliwa, hivyo zabuni itaje kadi zenye usimbaji.

• Namba ya siri. Ni nafuu, lakini wafanyakazi huambiana. Inafaa zaidi ikiambatana na kadi.

• Alama za vidole. Haziazimwi. Lakini vidole vya fundi au mpakia taka vyenye grisi, vumbi au michubuko mara nyingi havisomeki.

• Simu. Hurahisisha kumpa dereva ruhusa akiwa mbali, lakini simu huisha chaji, na si haki kumlazimu dereva atumie simu yake mwenyewe.

Mitambo ya barabara inahitaji uangalifu wa pekee. Greda na matingatinga mengi ya kampuni moja hufunguliwa kwa ufunguo wa aina moja, kwa hiyo kuficha ufunguo si ulinzi. Hapo kadi au namba ya siri ina faida kubwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Je, mfumo hufanya kazi mtandao ukikatika? Ruhusa zihifadhiwe ndani ya kifaa, na rekodi zitumwe mtandao ukirudi.

Je, ambulensi itachelewa? Chukulia mama mjamzito wa Ngoingwa anahitaji kufikishwa Hospitali ya Thika Level 5 usiku wa manane, na kisomaji kimeharibika. Lazima kuwe na njia ya dharura ya kuwasha gari, yenye kuacha alama ili ikaguliwe baadaye.

Je, kifaa huzuia starta pekee? Mfumo usiweze kuzima injini gari likiwa mwendoni.

Je, hula betri kiasi gani? Gari lililoegeshwa kwa wiki kadhaa lisikutwe betri imekufa.

Je, rekodi ni za nani mkataba ukiisha? Bei ya kifaa ni mwanzo tu. Kuna ufungaji, laini za data, ada ya programu na matengenezo. Yote yahesabiwe kwenye zabuni chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Ni busara pia kujaribu kwanza kwenye magari machache ya aina tofauti.

Haki za madereva

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu alama za vidole kuwa data nyeti. Dereva anapaswa kuelezwa ni taarifa gani zinachukuliwa, kwa sababu gani na zitatunzwa kwa muda gani. Kadi ikitosha, hakuna haja ya kukusanya vidole. Rekodi humlinda dereva pia: gari likipatikana na mkwaruzo, hasingiziwi aliyekuwa amepumzika siku hiyo.

Nafasi ya mkazi

Mfumo hauwezi kujua kama safari iliyoruhusiwa ilikuwa ya kazi. Hapo jicho la mwananchi linahitajika. Anayelitilia shaka gari la umma aandike namba ya gari, mahali, tarehe na saa, kisha apeleke taarifa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi. Anaweza pia kuomba taarifa kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inataka ajibiwe ndani ya siku 21. Saa na namba vikiwa sahihi, rekodi ya mfumo na tiketi ya kazi zitaonyesha nani aliwasha gari hilo na kwa idhini ya nani.