Weusi wa bia si kipimo cha ukali wake

WANYWAJI wengi huamini kwamba kadiri bia inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozidi kuwa kali. Imani hiyo haina msingi. Guinness ya pipa inayonywewa Ireland ina asilimia 4.2 ya kileo, kiwango sawa na cha Tusker ambayo rangi yake ni ya dhahabu.

Weusi hutokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua, mithili ya buni. Kiasi kidogo tu cha nafaka hiyo chatosha kutia pipa zima giza. Ukali nao hutokana na wingi wa sukari ya kimea ambayo hamira huigeuza kuwa kileo.

Hata hivyo, zipo bia zenye sifa zote mbili. Mashuhuri zaidi ni stauti ya kifalme, ambayo asili yake ni bia nzito zilizopikwa London katika karne ya 18 na kusafirishwa hadi Urusi. Kileo chake huwa kati ya asilimia nane na 12. Nusu lita ya bia yenye asilimia 10 hubeba mililita 50 za kileo halisi, ilhali Tusker ya ujazo huo hubeba 21. Anayeihesabu kuwa chupa moja kama nyingine anajidanganya.

Je, bia ya aina hii hupimwaje? Mfumo wa BJCP, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1985 kuwafunza waamuzi wa bia, hutoa alama 50. Ladha hutengewa 20, harufu 12, hisia ya mdomoni tano, na maoni ya jumla 10. Sura, yaani rangi, povu na ung'avu, hupewa alama tatu pekee. Kumbe kile kinachowababaisha wanywaji kuliko vyote ndicho chenye uzito mdogo zaidi!

Jambo la kwanza ni kutoitoa bia hiyo kwenye friji na kuinywa papo hapo. Baridi kali huua harufu. Nyuzijoto 10 hadi 13 zinafaa, na hapo mteja wa baa anayeagiza bia yake 'moto' ana hoja, ingawa joto la Mombasa adhuhuri limepita kiasi.

Bilauri hujazwa hadi theluthi moja, ikazungushwa taratibu, kisha mwonjaji akanusa kabla ya kuonja, kwani harufu nyingine hutoweka upesi. Hutarajiwa harufu ya kahawa, chokoleti chungu, sukari guru, pengine zabibu kavu. Inaponuka siagi, uchachushaji huenda haukukamilika. Ikinuka katoni iliyolowa maji, hewa imeingia na kuiharibu. Harufu ya siki nayo aghalabu ni dalili ya bakteria.

Mtihani mgumu uko kwenye kileo chenyewe. Katika stauti iliyopikwa vyema, kileo hupasha kifua joto polepole. Kikichoma koo na kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, yaelekea hamira ilifanya kazi kwenye joto lililozidi. Hapo ndipo wengi hukosea: huusifu mchomo huo kana kwamba ni nguvu, ilhali mwamuzi anakata alama.

Isitoshe, utamu wa kimea sharti upambane na uchungu wa hopsi na wa nafaka iliyokaangwa. Utamu ukishinda kabisa, glasi ya pili hainyweki.

Ama kuhusu madai kwamba stauti huongeza damu, madini ya chuma yaliyomo ni machache mno, na mama mjamzito anayeinywa kwa sababu hiyo anamhatarisha mtoto wake.

Tofauti na waonjaji wa mvinyo, ambao hutema, waamuzi wa bia humeza, kwa kuwa uchungu hukomaa baada ya funda kupita kooni. Ndiyo maana hupimiwa kidogo kidogo, na chupa moja hugawiwa watu kadhaa.