Rangi ya Manjano Katika Nyumba

Wasikilizaji wetu, mtu ajengapo nyumba hufikiri sana juu ya bati, mlango na kufuli, na habari za kuta huziacha nyuma. Lakini ukuta ndio kitu kikubwa kuliko vyote chumbani. Usiku na mchana macho yetu huutazama, na nuru nyingi iingiayo dirishani huugonga kabla ya kutufikia. Leo twataka kueleza habari za rangi moja tu, yaani manjano: kwa nini hukipa chumba nuru, jinsi ya kuijaribu kabla ya kuipaka, na ni manjano ipi ifaayo na ipi ya kuogopwa. Neno hili la mwisho ndilo kubwa, kwa kuwa lahusu afya ya watoto.

Nuru ya jua, ingawa yaonekana nyeupe, ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama tuonavyo katika upinde wa mvua. Ukuta wa manjano humeza sehemu ya buluu, na nyingine hurudisha chumbani. Tena jicho la mwanadamu wakati wa mchana huona kwa wepesi kabisa nuru iliyo kati ya kijani na manjano. Twakubali kwamba ukuta mweupe hurudisha nuru nyingi zaidi. Lakini katika chumba chenye dirisha dogo weupe huo huelekea kufanana na majivu, hali manjano hafifu hubaki na uchangamfu. Kwa hiyo rangi hii yafaa hasa ushoroba, chumba cha kulia, na kila chumba kisichoonwa na jua.

Hata hivyo, manjano ni rangi yenye hila. Ukuta mmoja huitupia nuru yake ukuta wa pili, na wa pili huirudishia wa kwanza, na kila mara rangi huzidi kukolea. Rangi iliyokuwa hafifu katika kopo huwa kali chumbani. Basi chagueni iliyo hafifu kuliko ile mliyoipenda dukani. Pakeni kwanza ubao mpana, mwuweke chumbani, mwutazame asubuhi, adhuhuri na usiku. Angalieni pia kilicho nje ya dirisha. Chumba kinachotazama migomba hupata nuru ya kijani, na manjano yake huonekana kama ya ndimu; kinachotazama uwanja wa udongo mwekundu hupata wekundu, na manjano yake huelekea rangi ya chungwa. Usiku, chini ya taa yenye nuru ya manjano, rangi iliyo hafifu sana huonekana karibu nyeupe.

Sasa tuulize, manjano yatoka wapi? Jina lenyewe latoka jikoni, kwani manjano ni kiungo kile tutiacho katika mchuzi. Lakini kiungo hicho hakifai ukutani. Chukueni unga wake kidogo, mwuchanganye na chokaa na maji katika kijiko: papo hapo utageuka mwekundu, kwa sababu chokaa hubadili asili ya rangi yake. Na hata pasipo chokaa, jua huififiza upesi.

Manjano ya pili ni ya udongo. Udongo huu hupata rangi yake kwa chuma kilichoshikana na maji, jamaa ya kutu tuionayo katika jembe lililoachwa mvuani. Ukichomwa motoni, maji hutoka, nao huwa mwekundu, mfano wa ngeu wanayopigia mistari maseremala. Rangi hii haiogopi jua wala chokaa. Wanadamu wameitumia tangu kale sana, na hatujui nyingine iliyo rafiki zaidi kwa ukuta wa nyumba ya mtu wa kawaida.

Manjano ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Katika mwaka 1797 Mfaransa aitwaye Louis-Nicolas Vauquelin aligundua madini ya kromi katika jiwe lililotoka Siberia. Baadaye kromi ilichanganywa na risasi, ikapatikana manjano ing'aayo kama dhahabu, ikaenea duniani kote. Baadhi ya wachoraji waliipenda mno, mmoja wao Vincent van Gogh. Nayo katika baadhi ya picha zake imeanza kuwa hudhurungi kwa kupigwa na mwanga. Lakini hasara ya picha ni ndogo. Risasi ni sumu. Rangi ikikauka na kubanduka huwa vumbi, vumbi huanguka sakafuni, na mtoto atambaaye hutia mkono kinywani. Risasi huingia katika damu, ikadhuru ubongo unaokua, mtoto akawa mzito wa kujifunza. Na madhara hayo hayaondoki. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama. Sisi walimu twaweza kumlaumu mtoto kwa uvivu, na kumbe adui yake ni ukuta wa nyumbani.

Basi mnunuapo rangi ya mafuta, hasa manjano na nyekundu, someni maneno ya kopo, mwulize kama haina risasi, isipojulikana, iacheni. Na mkiwa na ukuta au mlango wa zamani uliopakwa rangi msiyoijua, msiukwangue ukiwa mkavu, wala msiuchome moto. Lowesheni kwanza, waondoeni watoto, kisha pangusieni sakafu kitambaa chenye maji, wala msifagie.

Njia iliyo nyepesi ni chokaa na udongo wa manjano. Chokaa ya pwani yetu tangu zamani hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Ikiwa haijazimwa, itieni katika maji kidogo kidogo, wala msimwage maji juu ya chokaa, kwa maana huchemka na kuruka, yalindeni macho. Koroweni udongo katika maji peke yake, mwuchuje kwa kitambaa, ndipo mwutie katika chokaa. Udongo usizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa kwa uzani. Ukizidi, rangi itashika nguo za kila aegemeaye. Lowesheni ukuta, mpake nyembamba kama maziwa, mngoje ikauke, mrudie mara tatu au nne. Msistuke ikiwa mbichi yaonekana nzito, kwani ikikauka hupauka sana. Haraka haraka haina baraka.

Mwisho, manjano yataka wenzake. Dari iwe nyeupe. Sehemu ya chini ya ukuta, ambapo migongo na mikono hugusa, ipakwe rangi ya udongo uleule uliochomwa. Rangi hizo mbili hazigombani, maana ni ndugu wa tumbo moja. Na buluu kidogo, kwa pazia au sahani, huifanya manjano ionekane safi. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa aliyekaa Giverny tangu 1883 hata kufa kwake 1926, alikipaka chumba chake cha kulia manjano ya namna mbili, kuta na makabati pia, akatundika humo picha za Kijapani. Na jiko lililo jirani lina vigae vya buluu, hata mtu akiwa mezani huiona buluu mlangoni.

Si lazima tuwe na mali yake. Ndoo ya chokaa, kibaba cha udongo na subira ya siku chache zatosha kukitia chumba nuru, na mtoto akakaa humo akasoma kitabu chake bila kudhurika.