Mtoto Mzito wa Kusema, Wakubwa Wepesi wa Kusema

Mtoto akikaribia miaka miwili bila kusema, nyumba hujaa wasemaji. Bibi mzaa baba atakumbusha kwamba hata baba yake alichelewa, na sasa hanyamazi. Jirani atamtaja mganga wa Mlandizi. Shemeji aliyesoma atamtaja Einstein, ambaye inasemekana alichelewa mpaka wazazi wake wakamwona daktari. Einstein amewafariji wazazi wengi kuliko dawa yoyote ya duka la dawa. Hakuna anayewataja waliochelewa kusema kisha wakawa makarani wa halmashauri, ingawa bila shaka hao ndio wengi.

Bibi ana hoja, lakini. Utafiti mkubwa wa Australia Magharibi uliochapishwa mwaka 2007 uliwaangalia watoto zaidi ya 1,700 wa miaka miwili, ukakuta kama asilimia 13 wamechelewa, na wavulana walikuwa katika hatari hiyo karibu mara tatu ya wasichana. Tafiti za namna hii zinaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Kwa hiyo anayebashiri kwamba "atasema tu" mara nyingi atapatia. Kasoro ya ubashiri huo ni kwamba haumwambii mzazi kama mwanawe yumo katika kundi hilo au katika lile lililobaki, na mbashiri hadaiwi chochote akikosea.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: mtoto wa miezi 24 awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili. Kilitungwa Marekani kwa watoto wanaokua na Kiingereza. Kwa mtoto wa Kiswahili kinataka busara kidogo, kwa sababu anayesema "imeanguka" ametoa neno moja tu kwa mwenye kuhesabu, kumbe ndani yake kuna kilichoanguka, wakati na tukio lenyewe. Kamil Ud Deen, aliyewafuatilia watoto wa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kwamba wadogo huviacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi kwa muda mrefu. "Taka maji" ya mtoto wa miaka miwili ni hatua ya kawaida, wala haina haja ya kusahihishwa kila inapotoka. Hesabu pia "nyau" kama ndiyo jina lake la paka siku zote, hesabu "mee", hesabu neno la Kisukuma alilopata kwa babu na la Kiingereza alilopata kwenye simu. Watafiti wa Kilifi walikwisha kutengeneza orodha za maneno za Kiswahili na Kigiriama ambazo mzazi huulizwa kwa mdomo, hata asiyejua kusoma, na wazazi hao walionekana kuwajua watoto wao vizuri tu.

Ila hesabu ya maneno ndiyo swali jepesi. Swali zito ni anaelewa nini. Mtoto wa miezi 20 asiyetamka kitu, lakini ukimwambia "niletee kandambili za baba" bila wewe kuonyesha kwa mkono anakwenda na kurudi nazo. Anayekuonyesha ndege kwa kidole kisha anageuka kuhakikisha nawe umeiona. Anayemlisha mdoli uji usiokuwepo: huyo lugha anayo, bado haijatoka mdomoni. Matumaini yake ni makubwa. Asiyefanya haya huenda ana shida nyingine, na kimya chake ni dalili ndogo tu iliyo rahisi kuonekana. Mtoto aliyetimiza mwaka bila kutoa sauti za "bababa" na "mamama", bila kupunga mkono wala kuonyesha kitu kwa kidole, au asiyegeuka akiitwa jina, asingojeshwe miaka miwili itimie. Aliyekuwa na maneno akayapoteza asingojeshwe hata mwezi.

Jambo la kwanza kabisa ni masikio. Mtoto anaweza kushtuka mlango ukibamizwa, akacheza muziki wa baa ya mtaa wa pili, na bado akakosa sauti laini kama "s" na "f" ambazo maneno mengi yanazihitaji. Mafua ya mara kwa mara huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Usikivu hushuka kwa wiki kadhaa, hupanda, hushuka tena, na nyumbani wanasema ana kiburi. Kumpigia makofi nyuma ya kisogo hakupimi kitu, maana mtoto huona kivuli na huhisi upepo. Apimwe na mtu mwenye kifaa. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio mwaka 2017, na mtoto anayefikishwa mapema hufaidika zaidi kuliko anayefikishwa ana miaka sita baada ya kuzungushwa kwa waganga.

Wengine huanza na ulimi. Kigozi kifupi chini ya ulimi kinaweza kusumbua kunyonya na baadaye baadhi ya matamshi, lakini hakimzuii mtoto kuanza kusema. Kukata kimio ndiko hakuhusiani kabisa. Hufanywa mitaani kwa sababu ya kikohozi, kutapika, kukonda na chochote kingine kitakachomkosesha bibi usingizi. Hakujawahi kuongeza neno, ila damu na pepopunda huweza kuongezeka.

Baada ya hapo inabaki kazi ya nyumbani, na hapo ndipo hoja ngumu inapojitokeza. Wazee watauliza: sisi nani alituongelesha? Mama alikuwa shambani, mtoto mgongoni, na wote tulisema. Hoja hii isidharauliwe, kwa sababu ina ushahidi. Robert LeVine na wenzake waliishi kwa Wagusii, Kenya, katika miaka ya 1970, wakawalinganisha mama wa huko na wa Boston. Mama wa Kigusii aliitikia kilio haraka, alimbeba mtoto na kumnyonyesha, lakini hakumsemesha sana wala kumkazia macho. Mtoto mchanga hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Watoto hao walikuja kuongea Ekegusii bila tabu yoyote. Huko Chiapas, Mexico, utafiti wa karibuni kwa watoto wa Kitseltal ulikuta kwamba husemeshwa wao wenyewe dakika chache tu kwa saa, na bado hufika hatua za mwanzo za usemi kwa wakati.

Kwa hiyo ni kweli: mtoto wa kawaida huokota lugha hata katika makombo ya mazungumzo ya wakubwa. Sikiliza lakini hoja hiyo inamhusu nani. Inamhusu mtoto ambaye hakuchelewa. Aliyechelewa ameshatuonyesha kwamba makombo hayamtoshi. Yale yaliyomtosha kaka yake, akiwa nyumba ileile na mama yuleyule, kwake hayakutosha, na hilo halimfanyi mama kuwa mzembe ghafla. Anahitaji kutengewa sahani yake. Tumekuwa tukibishana kama wazazi waongee zaidi au wasiongee, kana kwamba watoto wote wanakula sawa.

Na hata hapo, wingi wa maneno si dawa. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2018 uliwafungia watoto vinasa sauti nyumbani, ukaona kwamba kilichohusiana na uwezo wao wa lugha kilikuwa zamu za mazungumzo, yaani mtu mzima kasema, mtoto kajibu, mtu mzima kaitikia, zaidi ya jumla ya maneno yaliyomwagwa masikioni mwao. Mtoto huchukua zamu hata kwa mguno, hata kwa jicho. Anachohitaji ni mtu wa kuipokea.

Sasa angalia zamu anazopewa mtoto wetu kwa siku. Njoo. Kaa. Acha. Toka jikoni. Lete. Amri haina nafasi ya jibu. Jibu lake ni miguu. Jioni akija mgeni, mtoto husukumwa mbele: "Haya mwamkie bibi. Sema shikamoo. Sema! Mbona jana ulisema?" Watu wote wananyamaza, macho yote kwake, na mtoto anaingiza uso kwenye khanga ya mama. Tumeichukua salamu, ambayo ni zamu iliyo tayari, yenye swali na jibu lisilobadilika, tukaifanya mtihani wa mdomo mbele ya jopo. Halafu tunasema ana aibu.

Siku moja nilikaa barazani na mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele, mjukuu wake asiyesema amechuchumaa kando ya ungo. Mama yule alichomoa chuya, akaiinua karibu na uso wa mtoto, akasema "chuya," kisha "tupa!" akaitupa kwa kuku. Akachomoa nyingine, vilevile. Ya tatu akaiinua, akasema "chuya," halafu akanyamaza, mkono uko juu, macho kwa mtoto. Kimya kilirefuka mpaka mimi nikatamani kumalizia. Mtoto aliitazama ile punje, akamtazama bibi, akasema "pa." Ikaenda kwa kuku. Hakupigiwa makofi wala kuambiwa aseme vizuri. Bibi alisema, "Tupa! Kuku amekula," akachomoa nyingine.

Wataalamu wana programu nzima za kuwafundisha wazazi jambo hili. Kituo cha Hanen cha Toronto, kilichoanzia Montreal mwaka 1975, kimejengwa juu yake. Mfuate mtoto anachokitazama, badala ya kumvuta atazame chako. Taja hicho. Ngoja, ukihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na kwa wengi wetu kumi hiyo ni ndefu kuliko foleni ya mwendokasi saa kumi na moja jioni. Akitoa chochote, kipokee na ukirudishe kimekamilika kidogo: yeye "gari," wewe "gari kubwa," kesho "gari kubwa linapita." Mpe kuchagua, "chai au maziwa?" ukiwa umeshika vyote viwili. Usimnyime maziwa mpaka ayataje; njaa haijulikani kufundisha msamiati. Punguza "hii nini?" kwa kitu ambacho wewe mwenyewe unakijua na yeye anajua kwamba unakijua.

Na michezo ya zamu tunayo tele. Jifiche nyuma ya pazia useme "hodi," umngoje wa "karibu," hata kama karibu yake ni kucheka. "Paukwa" ikiachwa hewani humdai mtu "pakawa," na mtoto atajibu kwa sauti yoyote miezi mingi kabla hajaweza kufuata hadithi yenyewe. Hakuna cha kununua hapo.

Tatizo ni nani wa kuicheza. Mzazi wa Dar es Salaam anayepanda daladala alfajiri na kurudi mtoto amelala hana zamu za kutoa siku za kazi. Anazo za Jumapili. Mwenye zamu ni dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini, anayeelekezwa kuhusu sabuni, mboga na geti, lakini hajawahi kuambiwa kwamba kukaa chini na mtoto na kumjibu ni sehemu ya kazi. Akionekana ameketi anaitwa mvivu. Ushauri wote wa makala za malezi, hii ikiwemo, humfikia tajiri wake. Basi umfikie na yeye, pamoja na ruhusa ya kuacha vyombo vikae kwanza.

Nafasi ya dada inapokosekana huzibwa na simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Katuni husema vizuri, tena kwa lafudhi safi, ila haingoji jibu. Kuna pia nyumba ambazo mama na baba wamehamia Kiingereza kisicho chao ili mtoto asipate tabu ingilishi midiamu, na mtoto anasubiri kimya wazazi wapate neno. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na hakuna haja ya kuacha Kihaya au Kichaga ili aseme. Kinachomnyima ni mzazi anayezungumza naye kwa lugha ambayo mzazi mwenyewe hawezi kutania, kubembeleza wala kugombeza.

Upande wa huduma, ratiba yetu ina pengo mahali pabaya. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa miezi 18, na kwa watoto wengi hiyo ndiyo safari ya mwisho ya uhakika kliniki, wakati wasiwasi wa usemi ndio kwanza unaanza. Mizani itapima kilo. Kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kina ukurasa wa hatua za ukuaji, na mzazi wa huko ana haki ya kuomba usomwe. Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache. Makerere ndiyo iliyoanzisha shahada yake ya kwanza katika Afrika Mashariki, mwaka 2008, na wengi wa wahitimu wako mijini.

Ukipata nafasi ya kumwona daktari, usiende na maneno "hasemi" peke yake. Andika maneno yote anayoyatoa, kwa lugha zote, hata yale yanayoeleweka nyumbani tu. Mrekodi kwa simu akiwa anacheza bila kujua, maana ndani ya chumba cha daktari atanyamaza kama anavyonyamaza kwa wageni. Taja kama kuna ndugu aliyechelewa. Omba masikio yapimwe. Na ukiambiwa "subirini kidogo," uliza mpaka lini, tarehe iandikwe kwenye kadi.